Robo, Thumni na Nukta: Hisabati ya Darasa la Nne Hadi la Sita

Mtoto anayeingia darasa la nne katika skuli zetu za Pemba huwa tayari anajua kujumlisha na kutoa, na kuzidisha namba ndogo ndogo. Namba alizozijua mpaka hapo zote zinahesabika: maembe saba, madaftari arobaini, watoto mia. Ndani ya miaka mitatu inayofuata anakutana na namba za aina nyingine kabisa: robo tatu, 0.35, asilimia 12, mita mraba 6. Sisi tunaosomesha madarasa haya tumeona jambo moja likijirudia mwaka hadi mwaka. Watoto wanaoambiwa wakifika sekondari kwamba hawana kichwa cha hisabati, aghlabu kichwa wanacho. Kilichowapita ni sehemu, yaani namba kama nusu na robo tatu, na ziliwapita darasa la nne na la tano, kisha wakaendelea kupandishwa madarasa bila ya mtu kurudi nyuma kuziangalia.

Kinachouma zaidi ni kwamba sehemu zimo majumbani mwao. Zimo kwenye pishi ya mchele, kwenye mirathi, kwenye zaka, kwenye karafuu zilizoanikwa. Skuli huzichora ubaoni kuwa duara lililokatwa mapande, mtoto akadhani hili ni jambo jipya lisilohusiana na chochote anachokijua.

Lakini kuna kinachotangulia. Sehemu hazimshiki mtoto ambaye jedwali la kuzidisha halijamkaa. Kulikariri kwa mfuatano, kama kasida, hakutoshi. Mtoto anayeifikia saba mara nane kwa kuanzia saba mara moja na kupanda moja moja hatomaliza hesabu ya kugawa bila ya kupotea njiani. Muulize kwa kurukaruka: sita mara nane, saba mara saba, tisa mara sita. Jibu litoke kabla hujahesabu tatu kimoyomoyo. Mara mbili, mara tano na mara kumi hazimsumbui mtu. Zinazowaangusha ni sita, saba, nane na tisa zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, na hizo, ukiondoa zinazojirudia, ni kumi tu. Ziandike kwenye vipande kumi vya karatasi, jibu likiwa nyuma, umuulize mtoto dakika tano kila jioni akirudi chuoni (madrasa). Hapana haja ya kumkalisha saa nzima.

Jedwali hupimwa kwenye kugawa kwa njia ndefu, kwa sababu hesabu moja inataka kazi nne kwa zamu: kukisia, kuzidisha, kutoa, kisha kushusha tarakimu inayofuata. Kosa kubwa hapa ni la sifuri. Chukua 4,236 ugawe kwa 4. Mtoto anaanza vizuri, nne kwa nne moja. Anashusha 2, anaona haigawiki kwa 4, basi papo hapo anashusha na 3 bila ya kuandika kitu juu. Anapata 23, anaandika 5, baki 3. Anashusha 6, anapata 36, anaandika 9. Jibu lake ni 159, na jibu sahihi ni 1,059. Ukimfuata hatua kwa hatua utaona hakukosea kuzidisha wala kutoa. Ameruka nafasi ya mamia. Kila tarakimu inayoshushwa lazima iache alama juu yake, hata ikiwa alama yenyewe ni sifuri.

Tunachofanya ni hivi. Mtoto aandike kwenye daftari la hisabati lenye vijisanduku, tarakimu moja kisanduku kimoja. Kabla ya kuanza kugawa, aweke nukta ndogo juu ya kila tarakimu ambayo jibu lake litaandikwa. Kwa 4,236 nukta ni nne, na hesabu haijesha mpaka kila nukta ipate tarakimu. Kisha akisie: elfu nne kwa nne ni elfu moja, kwa hiyo jibu la mia na kitu haliwezekani. Mwisho azidishe jibu kwa 4 aone kama 4,236 inarudi. Mwalimu anayesahihisha kwa kuweka mkasi (alama ya kosa) tu, bila ya kutazama hatua, hulihesabu kosa hili kuwa uzembe, na mtoto huendelea nalo mpaka sekondari.

Sasa tuje kwenye sehemu. Kitu cha kwanza kinachomchanganya mtoto ni kwamba asili, yaani namba ya chini ya sehemu, ikikua, sehemu inapungua. Ukimuuliza ipi kubwa, 1/8 au 1/4, wengi wa darasa la nne watasema 1/8, kwa sababu 8 inaizidi 4. Muulize mtoto huyo huyo kama angependa mkate ugawiwe watu wanne au watu wanane na yeye awemo, hatokosea. Basi anza na huo mkate, umalize na maandishi. Usianze na maandishi.

Duara tunaliepuka, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: ni gumu kulikata theluthi tatu zilizo sawa, na mapande yake hayapimiki kwa rula. Tunatumia kanda za karatasi. Kata kwenye katoni au kalenda kuukuu kanda sita, kila mmoja urefu wa sentimita 24 na upana wa sentimita 3. Wa kwanza uache mzima. Wa pili ukate nusu, yaani vipande vya sentimita 12. Wa tatu ukate theluthi, sentimita 8. Wa nne robo, sentimita 6. Wa tano sudusi (1/6), sentimita 4. Wa sita thumni (1/8), sentimita 3. Andika jina juu ya kila kipande. Usimwambie mtoto akunje, kwa sababu theluthi inayokunjwa kwa jicho hutoka kombo, na kanda zikitoka kombo somo zima linaharibika. Apime kwa rula, apige mstari kwa penseli, ndipo akate.

Tumechagua 24 kwa kuwa inagawika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila ya baki. Ukichukua karatasi ya sentimita 20 utakwama kwenye theluthi, na ukichukua 30 utakwama kwenye thumni.

Mwambie mtoto ajumlishe nusu na theluthi. Aghlabu ataandika 2/5: amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili. Usimwambie amekosea. Mwambie aweke kipande cha nusu mezani, na mbele yake, ncha kwa ncha, kipande cha theluthi. Urefu wake ni sentimita 20. Sasa atafute 2/5 ya sentimita 24: ni sentimita 9.6, haifiki hata ile nusu aliyoanza nayo. Hapo mtoto mwenyewe husita, anarudisha macho kwenye vipande, maana ameongeza kitu na jibu limepungua. Kisha aulizwe ni kipande gani, kikipangwa peke yake, kinaweza kujaza zile sentimita 20 barabara na pia kikajaza nusu na theluthi kila moja kwa nafasi yake. Atajaribu robo, itakataa. Atajaribu sudusi: tatu zinajaza nusu, mbili zinajaza theluthi, jumla tano. Jibu ni 5/6. Baada ya hapo ndipo unapomwandikia ubaoni Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 2 na 3, yaani namba ndogo kabisa inayogawika kwa zote mbili, na kanuni inakuwa na kitu cha kushikia. Ikitangulia kanuni, mtoto huikariri wiki ya somo na kuisahau wiki ya pili.

Kuna njia nyingine ya kufika hapo hapo, nayo watoto wetu wameizunguka tangu wadogo. Mafungu ya mirathi yaliyotajwa katika Qur-ani ni sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Tazama sasa. Mtu amefariki, ameacha mke, mama yake mzazi na mtoto mmoja wa kiume. Deni na wasia vikishatolewa, mke anapata thumni, mama anapata sudusi, na kilichobaki ni cha mtoto. Kwa kanda zetu: thumni ni sentimita 3, sudusi ni sentimita 4, jumla 7 kati ya 24. Kwa maandishi: 1/8 + 1/6 = 3/24 + 4/24 = 7/24. Mtoto wa kiume anapata 17/24. Ikiwa mali ni shilingi 2,400,000, mke anapata 300,000, mama 400,000 na mtoto 1,700,000. Zijumlishe, zirudi 2,400,000. Wanavyuoni wa mirathi nao hulisimamisha suala hili kwenye 24, kwa sababu ile ile ya KDS ya 8 na 6. Mtoto anayeliona hili huacha kuuliza sehemu zina faida gani. Ila tuwe na huruma: kama darasani yumo aliyefiwa na mzazi karibuni, tumia pishi na uache mirathi.

Na pishi ina mengi. Pishi moja ni vibaba vinne. Mwambie mtoto kuna mchele pishi mbili na vibaba vitatu, jumla vibaba vingapi? Atasema kumi na moja, hata bila ya kalamu. Mwandikie 2¾ igeuzwe iwe sehemu isiyo na namba nzima, na mtoto huyo huyo ataandika 23/4. Ni hesabu moja: pishi mbili ni vibaba nane, ongeza vitatu, ni kumi na moja, na kila kibaba ni robo, kwa hiyo 11/4. Kutoa nako ni hivyo. Kwenye 5 − 1¾, jibu la makosa ni 4¾, kwa sababu mtoto ametoa 1 kwenye 5 na robo tatu ameziteremsha kama zilivyo. Ukiwa na pishi tano za mchele na unataka kutoa pishi moja na vibaba vitatu, lazima pishi moja uivunje vibaba. Zinabaki pishi 4 na vibaba 4, ukitoa unabakiwa na pishi 3 na kibaba 1, yaani 3¼. Hata kugawa kwa sehemu, ambako watu wazima wengi hupinduapindua namba bila ya kujua sababu, kumo humu: 3 ÷ ¼ maana yake ni pishi tatu zina vibaba vingapi. Kumi na viwili. Jibu limekuwa kubwa kuliko namba tuliyoanza nayo, na hakuna mtoto aliyewahi kulishangaa jambo hili mbele ya pishi yenyewe.

Desimali ni sehemu zile zile zilizovaa nguo nyingine, na kosa lake ni moja kubwa: mtoto husema 0.35 inaizidi 0.4. Anasoma "nukta thelathini na tano" na "nukta nne", na kwake thelathini na tano ni kubwa. Kwa hiyo tunasomesha kutamka tarakimu moja moja, sifuri nukta tatu tano, na tunapiga marufuku kusema thelathini baada ya nukta. Wazee walioshika senti mkononi walijua shilingi 1.50 ni kitu gani. Mtoto wa leo hatumii senti dukani, basi lazima umpe kitu kingine, na kizuri ni rula ya mita. 0.4 ya mita ni sentimita 40, 0.35 ni sentimita 35. Aoneshe kwa kidole. Hapo hapo mzoeze kwamba mita 1 na sentimita 5 ni 1.05, si 1.5. Fundi seremala akikosea hilo, mlango haungii.

Saa hazifuati kumi, na hili litajwe wazi. Mtoto aliyezoea desimali huandika saa moja na nusu kuwa 1.30, au akitoa saa 9:45 kwenye 12:20 hukopa mia badala ya sitini, akapata 2:75. Mfundishe ahesabu kwenda mbele: kutoka 9:45 mpaka 10:00 ni dakika 15, mpaka 12:00 ni saa 2, mpaka 12:20 ni dakika 20, jumla saa 2 na dakika 35. Na kwa kuwa hesabu za Kiingereza hutumia saa za Kizungu, mwonyeshe kwenye saa ya ukutani kwamba namba ya saa yetu iko upande wa pili kabisa wa mshale mfupi: mshale ukiwa kwenye 8, sisi tunasema saa mbili.

Mzingo na eneo huchanganywa na karibu kila darasa la tano, kwa sababu hufundishwa wiki moja na kwa mchoro mmoja. Vitenganishe kwa jamvi. Ukingo unaoshonwa kulizunguka jamvi ni mzingo. Mahali karafuu zinapotandazwa ni eneo. Jamvi la mita 3 kwa 2 lina mzingo wa mita 10 na eneo la mita mraba 6. La mita 4 kwa 1 lina mzingo ule ule wa mita 10, lakini eneo ni mita mraba 4. Aliye na karafuu nyingi atachagua lipi? Swali hilo moja linatosha. Baada yake wapeleke uwanjani wapime eka kwa hatua, sabini kwa sabini, kama watu wa shamba wanavyopima. Hatua ya yadi moja ikipigwa hivyo inaleta yadi mraba 4,900, na eka kamili ni yadi mraba 4,840, kwa hiyo kipimo cha wazee wetu kiko karibu sana. Wengi watakuwa na babu aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi, na watataka kujua ni ukubwa gani. Wakijua eka moja ni kama mita mraba 4,000, watazizidisha wenyewe.

Asilimia tunaiacha mwisho, na ikifika wakati sehemu zimekaa haina taabu. Zaka ya fedha ni asilimia 2.5, yaani moja katika arobaini. Mtoto agawe kwa 40 na azidishe kwa 2.5 kisha agawe kwa 100, aone yote mawili yanafika pamoja. Karafuu mbichi zikikauka hubaki kama theluthi ya uzito wake: kilo 30 mbichi, takriban kilo 10 kavu. Mtego wa kumpa darasa la sita ni huu: bei ya shilingi 1,000 imepanda asilimia 10, kisha ikashuka asilimia 10. Watasema imerudi 1,000. Ilipanda ikawa 1,100, na asilimia 10 ya 1,100 ni 110, kwa hiyo imeshuka mpaka 990. Asilimia lazima iulizwe: ya nini?

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa mtoto wa kijijini, hii ina maana kwamba sehemu zenye asili tofauti zinakuja pamoja na lugha mpya, mizigo miwili kwa siku moja. Dalili yake ni mtoto anayepata hesabu za namba tupu zote na kukosa zote za maneno. Anatafuta namba ndani ya sentensi, anazijumlisha, anaandika jibu. Tunalipinga hili kwa kufunga daftari la maneno lenye safu mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia, maneno matano kwa wiki na si zaidi. Na hesabu ya maneno ina utaratibu wake: isomwe mara mbili, namba zifunikwe kwa kidole, mtoto aseme kwa Kiswahili kinachoulizwa ni nini, achore, ndipo afunue namba. Kukiruka kile cha kusema kwa Kiswahili, hata kwa kuogopa kuonekana hujui Kiingereza, ni kumwonea mtoto.

Msimu wa karafuu nao una hesabu yake. Ukiwa mzuri, madawati hubaki matupu, na wiki hizo zikiangukia kwenye asili tofauti, mtoto hurudi na kukuta wenzake wako kwenye desimali. Hatuna haja ya kugombana na wazee. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na mtoto aliyekaa wiki mbili shambani amepiga hesabu nyingi kuliko tunavyodhani. Akirudi, usimkimbize kuwafikia wengine. Mpe kanda sita, vipindi viwili, na umuulize alichuma pishi ngapi na nusu.

Mzee anayetaka kujua mtoto wake wa darasa la sita amesimama wapi, ampe maswali manne kwenye karatasi, bila ya kumharakisha. Gawa 612 kwa 6. Ipi kubwa, 0.4 au 0.35? Jumlisha nusu na theluthi. Jamvi la mita 5 kwa 2 lina eneo gani na mzingo gani? Akiandika 12 kwa la kwanza, rudini kwenye vijisanduku na nukta. Akikosa la pili, chukueni rula ya mita. Akiandika 2/5, kateni kanda. La nne akijibu 14 pawe na 10, au 10 pawe na 14, mtoeni nje na kamba na jamvi. Anzeni na kosa la mwanzo kwa mpangilio huu, kwa sababu la nyuma haliponi kabla ya la mbele, dakika ishirini kila jioni. Na akiyapata yote manne, muulize kwa nini thumni na sudusi hukutana kwenye 24, na umwache aeleze kwa mdomo wake mpaka amalize.